Geti Lililoachwa Wazi

Mkate ulikuwa bado umefukiwa kwenye majivu Kelvin alipoanza kujisifu.

Angejua yanayokuja angeuziba mdomo wake kwa mkate huohuo, wa moto vilevile. Lakini Kelvin ni Kelvin. Miaka mingi ya kuuza vigae vya bafuni mjini Toowoomba ilimfundisha kwamba muuzaji akinyamaza mteja anaondoka, na tangu astaafu mteja aliyebaki alikuwa mkewe. Mkewe mwenyewe alikuwa hajamsemesha vizuri tangu Jumapili. Sasa ilikuwa Jumatano mchana, jua la utosini, karavani yao, ile nyumba ya kuvutwa na gari, imeegeshwa chini ya miti kando ya bwawa la maji ya tope, na nzi wanaingia puani bila hodi. Kelvin akaona huu ndio wakati wa kusuluhisha mambo.

"Wewe unadhani mimi sifundishiki," alisema, akichokoa makaa kwa kijiti. "Unadhani nina masikio ya kutundikia miwani tu. Juzi, ulipokuwa umelala kwenye gari, nimekuta geti limeachwa wazi. Wazi kabisa. Mpumbavu mwenzangu kapita kaliacha. Tena si kuliacha tu, kalisukuma mpaka mwisho, kalifunga kwa waya kwenye nguzo ya uzio, limekaa hapo mpaka majani yameota katikati ya vyuma. Nimehangaika na ule waya mpaka vidole vimechubuka. Tazama hapa. Lakini nimelivuta, nimelifunga, nimetia na mnyororo. Nikasema, Noelene akiamka leo hana la kunisema."

Noelene alikuwa anakata vitunguu. Kisu kikasimama.

"Geti gani?"

"Lile la karibu na kile kinu cha upepo kinachovuta maji. Kwenye ranchi ya nani huyu, jina limeandikwa kwenye pipa la barua pale njia panda. Pascoe."

"Kinu tulikipita kwanza au geti?"

"Kinu kwanza. Halafu geti. Halafu huku mbele ndiko kulikuwa na ng'ombe, wengi, wamejilaza chini ya miti. Kwa nini?"

Noelene aliweka kisu chini. Alikuwa ameshasimama, na rangi ilikuwa imemtoka usoni.

Hapa lazima nikueleze jambo, maana hata Kelvin alihitaji kuelezwa na hakuna aliyemweleza. Huko ndani ya Queensland, magharibi, ambako ranchi moja unaweza kuiendesha asubuhi nzima usiione nyumba, geti ni neno la mwenye mali. Ukilikuta limefungwa, unapita unalifunga. Ukilikuta liko wazi, unapita unaliacha wazi. Huongezi, hupunguzi. Na ukilikuta limefungwa kwa waya ili libaki wazi, hapo mwenye mali amekuandikia kwa herufi kubwa: upande mmoja hauna maji, ng'ombe wangu wanapita hapa kwenda kunywa. Mtoto wa kule analijua hili kabla hajajua kuvaa viatu.

Kelvin alikuwa amewafungia ng'ombe wa mtu maji tangu Jumatatu. Na ilikuwa mwisho wa Oktoba, wageni wote wamesharudi makwao kukimbia joto, njia haina mpitaji.

"Funga vitu," Noelene alisema. "Tunarudi."

"Turudi wapi?"

"Kwenye hilo geti lako."

Akamwambia sababu, kwa maneno machache na makali. Kelvin alisikiliza, kijiti mkononi, na kwa muda uso wake ulionyesha kwamba ameelewa. Halafu akafanya kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa baya kuliko la kwanza. Akaanza kujitetea.

"Noe, ni mwendo wa nusu siku. Njia yenyewe unaijua, mpaka tufike meno yametutoka. Mwenyewe atakuwa ameshaliona. Watu hawa si wanazunguka?"

"Watu hawa? Ni mtu mmoja na mbwa wake, Kelvin. Anazungukia visima mara mbili kwa wiki akijaliwa."

"Basi jaribu redio."

"Nijaribu redio nimwite nani, kangaruu?" Hata hivyo alijaribu. Akashika kile kipaza sauti cha kwenye gari, akaita ranchi ya Pascoe, akaita mtu yeyote anayesikia. Redio ikamjibu kwa kukoroma. Simu ilikuwa haina mtandao tangu Jumapili.

"Umeona," akasema Kelvin. "Sasa tazama, kama wameshakunywa, tutakuwa tumerudi bure. Na kama wameshakufa, tukifika tutawafufua?"

Yapo maneno ambayo mwanamume akishayatoa mdomoni inabidi ayatazame yanavyoondoka, kama kuku aliyetoroka. Noelene aligeuka akamtazama mumewe, na nakuambia, usingetaka kuwa mbele ya macho yale.

Noelene alizaliwa kwenye ranchi, upande huohuo wa nchi, na hakuna mtu Toowoomba aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Alipokuwa msichana, familia nzima ilikwenda mjini kwenye maonyesho ya mifugo, na waliporudi wakakuta pampu imekufa. Ng'ombe walikuwa wamebanana kwenye birika tupu la kunyweshea, walio hai wamesimama juu ya waliolala. Baba yake, Vern Corrigan, alichukua bunduki akamwambia aingie ndani. Hakuingia. Mpaka leo hawezi kusikia ng'ombe akilia kwa kiu, hata kwenye televisheni, bila kutoka chumbani.

"Wewe baki," alimwambia Kelvin. "Baki na mkate wako."

Akaenda nyuma ya pikapu akaanza kuifungua karavani. Aliuzungusha mguu wa mbele wa karavani mpaka ukagusa ardhi, akachomoa waya wa taa, akafungua minyororo, kila kitu kwa nguvu ya mtu anayenyonga. Kelvin alisimama akitazama ndoa yake ikifunguliwa kutoka kwenye karavani yake, na alipoona mkewe ameshika usukani kweli, akachota ndoo ya maji akaimwaga kwenye moto na kukimbilia mlango wa abiria. Gari lilikuwa limeshaanza kutembea. Mkate walioutengeneza kwa saa nzima ukabaki kule kwenye majivu mabichi.

Njia ile ilikuwa ya mawimbi madogo madogo ya udongo mwekundu, na ukienda polepole yanakutikisa mpaka figo, ukienda kasi unaelea juu yake lakini gari linaweza kukutupa pembeni. Noelene alikwenda kasi. Vikombe vilirukaruka nyuma. Gari moja tu lilipishana nao, lori la mafuta, dereva akainua kidole kimoja kwenye usukani kuwasalimu kama ilivyo desturi. Noelene hakuinua chake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Utatuua," Kelvin alisema.

"Na mimi nitakufa nimeshajaribu kuwanywesha."

"Nilidhani nafanya vizuri."

"Ulidhani. Waya umekazwa, majani yameota, mtu kafanya kazi kulifunga liwe wazi, na wewe kichwani mwako hakuna hata sauti ndogo ikakwambia, Kelvin, subiri kwanza?"

"Ilikuwepo."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wewe ndiye uliyeniambia nifunge."

Noelene akaongeza mwendo.

Kelvin alisema kweli. Jumapili, geti la kwanza la safari, Kelvin alikuwa abiria, na huko abiria ndiye anayeshuka kufungua na kufunga. Alilikuta limefungwa, akafungua, gari likapita, akapanda akasahau. Jioni wakaingia kwenye baa ya mji mdogo, mji wenyewe ni hiyo baa na pampu ya mafuta, na mfugaji mmoja akaja akilalamika kwamba fahali wake wameonekana barabarani. Mtu mwingine angeomba radhi kimyakimya akamnunulia yule bwana bia. Noelene hakutaka wamdhanie naye ni mtu wa mjini. Akamgeukia mumewe mbele ya watu wote akampa vipande vyake. Geti ni la kufungwa, Kelvin. Kila geti utakalolikuta, funga. Au nikuchoree picha? Hata mbwa wa hapa anajua. Baa nzima ikacheka, na mmoja akamwonyesha Kelvin mlango wa chooni akamwambia, huo nao usisahau kuufunga, mzee.

Kelvin alicheka pamoja nao. Aliyemjua angeona masikio yake yamekuwa mekundu.

"Nilikuambia funga lile lililofungwa," Noelene alisema sasa, lakini sauti ilikuwa imepungua nguvu.

"Ulisema kila geti. Mbele ya watu. Ulisema kila."

"Kuuliza si ujinga. Ungeniamsha ukaniuliza."

"Nikuamshe?" Na hapo Kelvin, mtu mpole, mtu wa vigae, akapandisha sauti mpaka ikapasuka. "Nikuamshe ili uniite nini safari hii? Siku nzima umefunika uso kwa kofia, husemi neno, nikikohoa tu unahema kama ng'ombe mgonjwa. Nilisimama pale kwenye jua nimeshika ule waya, nikatazama gari, nikajisemea, nikimwamsha nitatukanwa, nisipomwamsha nitatukanwa, bora nitukanwe nikiwa nimefunga. Nilikuogopa. Umesikia? Mke wangu mwenyewe, nilikuogopa kuliko ng'ombe."

Gari likapiga shimo, vichwa vyao vikagonga paa.

"Nilikuwa nimelala," Noelene alisema.

"Najua ulikuwa umelala. Hapo sikulaumu."

Alisema hivyo kwa nia njema, na ndilo neno lililomchoma Noelene kuliko yote ya siku ile. Kwa nini, utajua. Alichofanya ni kukasirika zaidi, maana hasira ni blanketi, unajifunika ukiona baridi.

"Tukimkuta mwenye ranchi," alisema, "utashuka. Utasimama mbele yake. Utamwambia kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ni wewe. Usijifiche nyuma ya sketi yangu."

"Nitamwambia."

"Tutaona."

Kwenye mpaka wa ranchi ya Pascoe walikuta geti la kwanza. Kelvin akashuka kabla gari halijasimama, akalifungua, gari likapita. Halafu akasimama pale, mkono kwenye chuma, akimtazama mkewe kupitia kioo cha nyuma.

"Nalifunga?"

"Ulilikutaje?"

"Limefungwa."

"Basi."

Akalifunga. Hilo ndilo somo zima. Halikuchukua hata muda wa kupiga chafya, na wangelifanya Jumapili pale baa, kwa sauti ya chini, hadithi hii isingekuwepo.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka walipowasikia. Kwanza Noelene alidhani ni injini, akazima redio. Ilikuwa sauti moja nzito, imetoka kwenye makoo mengi, haina kupanda wala kushuka. Akapunguza mwendo. Mwewe walikuwa wanazunguka juu, na kunguru wamejipanga kwenye waya wa uzio.

Ng'ombe walikuwa wamejazana kwenye geti lile, kundi zima, ndimi nje, macho yameingia ndani. Walikuwa wanayaona maji. Hilo ndilo lililomtia Noelene wazimu, kwamba walikuwa wanayaona. Birika lilikuwa hapo ng'ambo ya uzio, limejaa, tangi limejaa, kinu kinazunguka taratibu kinapandisha maji mengine yasiyohitajika. Kando ya njia walikuwepo waliolala. Wengine walijaribu kuinua vichwa gari lilipopita. Ndama mmoja alikuwa amelala ubavuni na mama yake amesimama juu yake akimkinga jua, na yule ndama alikuwa ameshakufa, na mama alikuwa hajakubali.

Kelvin aliweka mkono mdomoni.

"Usilie," Noelene alisema. "Huna haki. Sikiliza. Nitasogea mpaka kwenye geti. Ukilifungua wote watakimbia kwa pamoja, watakanyagana, na watakaofika watakunywa mpaka wafe. Ukishalifungua kidogo tu, mimi napita, naliegesha gari nusu njia, wapite wachache wachache. Wewe kaa nyuma ya geti na sufuria. Wakijaa, piga."

Kelvin hakuuliza swali hata moja. Alifungua mnyororo aliouweka kwa mkono wake, na kwa muda wote uliofuata mtu yule wa vigae alisimama nyuma ya geti akipiga sufuria kwa kijiko kikubwa, ng'ombe wanamgonga, vumbi limemjaa mdomoni, analisukuma, analiachia, analisukuma tena. Noelene alikwenda mbele na nyuma na pikapu kama kizibo cha chupa. Alikuwa anatukana wakati wote. Alimtukana Kelvin, akatukana watu wa mjini, karavani zao, vigae vyao, akatukana lile jua. Wale waliokunywa wakahama kidogo, wengine wakapita. Waliokuwa wamelala hawakupita.

Ndipo pikapu nyingine ikatokea upande wa kinu, ikija mbio. Ikasimama, akashuka mwanamume mrefu mkavu, wa umri wao, kofia imeliwa na jasho, mbwa nyuma yake.

"Niliona vumbi," alisema. "Nikasema, nani anakimbia hivi huku msimu umekwisha." Akatazama ng'ombe, akatazama waliolala, akatazama ule waya uliotupwa kwenye majani. Uso wake ukajikunja polepole. "Nani kalifunga?"

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kumsaidia Kelvin kwenye geti, na wale watatu wakamaliza kazi bila maneno mengine. Aliporudi, yule mwanamume akamnyooshea Noelene mkono wa kuume.

"Athol Pascoe. Mama, sijui niseme nini. Ningekuja kesho ningekuta wote wamelala. Kisima cha upande ule kimekufa tangu Agosti, ndiyo maana nilifunga geti liwe wazi. Halafu anapita mshenzi mmoja na karavani yake." Akatema mate. "Lakini wewe. Kuwazuia wasiyavamie maji, hilo umelijulia wapi? Hawa wenye karavani hawalijui."

"Nimekulia ranchi," Noelene alisema. "Baba yangu alikuwa Vern Corrigan."

Athol Pascoe akavua kofia.

"Vern Corrigan. Baba yangu alifanya kazi kwa Vern Corrigan. Basi nisishangae. Damu haipotei." Akamgeukia Kelvin. "Bwana, umeoa. Twendeni nyumbani mnywe chai, mke wangu hatanisamehe nikiwaacha mwende."

Hebu fikiria. Mwanamke aliyekaa mjini miaka yote hiyo akingoja mtu mmoja amwambie neno hilo, damu haipotei, na anaambiwa na mwenye ranchi aliyevua kofia. Utamu wake ulimshuka mpaka tumboni. Njia nzima alikuwa ameapa kwamba atamsimamisha Kelvin mbele ya mtu huyu. Sasa mtu huyu alikuwa mbele yao, na Noelene aliyekuwa na ulimi mrefu kuliko njia ya kwenda magharibi akajikuta anatazama viatu vyake. Akamruhusu Athol Pascoe aendelee kumshukuru.

"Ni mimi," Kelvin alisema.

"Wewe nini?"

"Nililifunga mimi. Jumatatu. Nilidhani limesahauliwa."

Athol Pascoe akarudisha kofia kichwani.

"Na ule waya, ulidhani umejifunga wenyewe?"

"Sikufikiri."

"Hukufikiri." Akanyoosha kidole kwa ng'ombe mmoja mwekundu aliyelala kando ya njia. "Yule pale nimemlea kwa chupa, wakati wa ukame, kwenye baraza langu. Kapita ukame ule. Miaka mitatu bila mvua, kapita. Kaja kuuawa na wewe uliyekuwa unapita kutalii." Hakupaza sauti. Kelvin hakuinamisha uso, alikuwa anautazama uso wa yule mtu na kuyapokea yote. "Na wewe, binti wa Vern. Wewe unajua geti. Ulikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala," Kelvin akawahi. "Mwache yeye. Alikuwa amelala, hakujua lolote mpaka leo mchana. Alipojua tu ndipo tukarudi, mimi sikutaka. Kosa ni langu peke yangu."

Na hapa ndipo ilipokuwa sumu yenyewe. Noelene hakuwa amelala. Siku ile, chini ya kofia, alisikia gari likisimama. Alisikia mlango. Alingoja mlio wa mnyororo, kwa sababu mtoto wa ranchi anaufahamu mlio wa kila geti, na badala yake akasikia waya ukinyongwa na mtu akiguna, muda mrefu, halafu chuma kikivutwa kutoka kwenye majani yasiyotaka kukiachia. Geti linalotumika halitoi mlio huo. Alijua. Kitu kilimwambia inuka, tazama. Lakini alikuwa amekasirika, na kwa aliyekasirika, kuinua kofia kwanza ni kushindwa, kwa hiyo alibaki palepale na kufurahia jinsi mumewe anavyohangaika juani.

"Sikuwa nimelala," alisema.

Kelvin akageuka.

"Nilikuwa macho. Nilisikia waya. Nilisikia geti linavutwa, na nilijua haliko sawa. Nilikuwa nimemnunia mume wangu, nikasema acha ahangaike."

Nyuma yao ng'ombe walikuwa wanakunywa, sauti ya kunywa tu. Athol Pascoe alimtazama Noelene namna ambayo hakumtazama Kelvin.

"Vern alikufa lini?" aliuliza.

"Zamani. Nilikuwa sijaolewa."

"Afadhali," alisema.

Akaenda kwenye pikapu yake akachukua bunduki nyuma ya kiti. "Ondokeni kwenye ranchi yangu. Nina kazi." Kelvin akapiga hatua kumfuata, labda kumsaidia, sijui angemsaidia nini, lakini Athol akamwonyesha gari kwa kidevu, na Kelvin akarudi.

Walisikia risasi ya kwanza kabla hawajafika kwenye miti. Halafu nyingine. Noelene aliendesha polepole sasa, na gari likawatikisa kila mfupa. Alingoja Kelvin aseme. Alingoja amtukane, amvue nguo kama yeye alivyomvua pale baa, na alikuwa tayari, angeyapokea yote. Kelvin hakusema. Kulikuwa na damu kavu kwenye kifundo cha mkono wake, geti lilipomgonga, na alikuwa anaikwangua taratibu kwa ukucha.

"Kel," alisema Noelene.

Kelvin akaendelea kukwangua.

"Kel, nilitaka kukwambia."

Wakafika kwenye geti la mpakani, lile walilolifunga mchana. Noelene akasimamisha gari. Abiria ndiye anayeshuka, hivyo ndivyo ilivyo huko, tangu magari yaje. Akangoja.

Kelvin alinyoosha mkono nyuma ya kiti akachukua kofia yake. Akaegemea dirisha, akaiweka usoni, akakunja mikono kifuani.

Noelene alikaa akimtazama. Pumzi yake haikuwa ya mtu aliyelala, na yeye alikuwa anajua pumzi ya mtu aliyelala ikoje na ya asiyelala ikoje. Mwishowe akashuka. Akafungua geti, akarudi kwenye gari, akapita, akashuka tena akatembea nyuma kulifunga. Mnyororo ulikuwa wa moto bado kwa jua la kutwa. Akautia kwenye ndoano yake, akauvuta kuhakikisha, akarudi kwenye usukani.